Siku moja kwenye vijiji vya Moshi: anza Kidia, malizia Marangu

Wengi wanaopanga kutwa moja ya kutembelea makanisa, nyumba za kale na maporomoko juu ya mji wa Moshi huishia Marangu tu. Picha mbili kwenye maji, ndizi nyama, kisha safari ya kurudi. Marangu si pabaya, na tutafika huko. Lakini kama siku ni moja, pa kuanzia ni kijiji cha Kidia, Old Moshi, tena asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Ikipita saa nne, Kibo, kilele cha juu cha Kilimanjaro, mara nyingi anakuwa amejifunika mpaka jioni.

Kwenda Kidia unapitia Kiboriloni, ambako unaiacha barabara kuu na kupanda kupitia Kikarara na Tsuduni, kama kilometa kumi hivi. Magari hungoja kujaa ndipo yaondoke, kwa hiyo kwenye hesabu zako acha nusu saa ya kungoja. Bodaboda ni haraka zaidi, ila patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujakaa kwenye siti. Ukimwacha dereva aondoke, huko juu utapata tabu kumpata mwingine, na ukimpata, bei anapanga yeye.

Hapa ndipo Moshi ya kwanza ilipokuwa, makao ya Mangi Rindi (mangi ni mtawala wa Kichaga), ambaye Wazungu walimjua pia kwa jina la Mandara. Reli kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, mji ukateremka kuifuata na jina ukaondoka nalo, ule wa juu ukabaki kuitwa Old Moshi, yaani Moshi ya kale. Mwanawe Rindi, Mangi Meli, aliwashinda Wajerumani mwaka 1892. Mwaka uliofuata walirudi wamejiandaa na wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga hapa Old Moshi pamoja na wenzake 18, na ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Miaka mingi wamekuwa wakikidai kirudi.

Ukienda peke yako bila wa kukueleza, dakika tano zitakutosha na utaondoka mikono mitupu. Hapo ndipo Kidia inapoangusha wageni: historia iko kwenye vinywa vya wazee, si kwenye vibao. Usimsimamishe kijana wa kwanza unayekutana naye njiani. Pitia ofisi ya kijiji au ya usharika, eleza umekuja kuangalia nini, uombe mtu anayeijua habari ya Meli. Kiasi cha kumshukuru mkubaliane mapema, na ukae naye saa nzima. Mwombe akuonyeshe palipokuwa boma la mangi, pa Wajerumani, na misheni. Ukiona jinsi sehemu hizo zilivyokaribiana, utaelewa ugomvi wao bila kufungua kitabu.

Kanisa la Kilutheri la Kidia linahusishwa na Bruno Gutmann, mchungaji wa Misheni ya Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi Old Moshi kwa vipindi mpaka 1938. Aliandika mila na sheria za Wachaga kwa undani ambao hata wazee wa leo wanaurejea. Siku za kazi makanisa ya vijijini hufungwa, na mwenye ufunguo huenda yuko shambani. Ulizia ofisi ya usharika kwanza, usianze kuzunguka jengo ukichungulia madirishani. Jumapili mlango uko wazi, lakini hiyo ni saa ya ibada. Ukija Jumapili, kaa usali na wenzako hadi mwisho, picha zitafuata. Akina mama wabebe khanga ya kujifunga, wanaume wavue kofia mlangoni.

Alama: tano kwa tano kwa historia, mbili kwa namna ya kumpokea mgeni.

Kutoka hapo unarudi barabara kuu na kushika njia ya Himo. Kilema ni kituo kifupi, kinachomfaa zaidi Mkatoliki au mpenzi wa kahawa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni hiyo mwaka 1890, na kahawa ya Kilimanjaro ilianzia katika mashamba ya misheni. Kanisani kinatunzwa kipande kinachoheshimiwa kuwa cha Msalaba wa Kristo, na mahujaji huja kwa ajili hiyo. Kukiona kunategemea utaratibu wa parokia, kwa hiyo wasiliana na ofisi ya paroko siku kadhaa kabla. Ukipanda daladala, muulize konda kama gari linafika misheni kabisa, maana mengine huishia chini na mlima unakungoja kwa miguu. Kama una mtoto mdogo au magoti mabovu, kituo hiki kiruke.

Sasa Marangu. Kutoka Moshi hadi Marangu Mtoni ni kama kilometa 40, na hapo Mtoni ndipo bodaboda wa kukutawanya hukaa. Maporomoko ya Kinukamori yako karibu, na juu yake kuna sanamu za msichana Makinuka na chui wa hadithi yake. Kiingilio hulipwa getini. Dai risiti, na kama kijana anakufuata akisema yeye ndiye mwongozaji, uliza mlangoni kama mwongozaji yumo kwenye kiingilio au la. Malalamiko mengi ya wageni wa Marangu yanatoka hapo, bei iliyotajwa baada ya huduma. Ngazi za kushukia kwenye maji huloa mwaka mzima, na masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Kandambili ziache garini.

Kinachostahili muda zaidi ni msonge. Nyumba ya asili ya Kichaga ni ya duara na imeezekwa kwa nyasi, nyingine paa likishuka mpaka karibu na ardhi. Unaingia umeinama. Ng'ombe wana sehemu yao upande mmoja, moto uko katikati, na juu kuna dari la fito la kukaushia kuni na kuhifadhi chakula. Pitisha kidole kwenye fito hizo: masizi yake meusi yanang'aa kama lami. Moshi ule ulikuwa kazini, ukikausha nyasi na kufukuza wadudu wanaokula miti. Ndiyo maana msonge wa maonyesho usiowashwa moto huanza kuoza paa mapema. Ukiona nyasi zimeota kuvu, jua hapawashwi moto.

Karibu na nyumba hizo kuna mahandaki waliyojificha watu na mifugo wakati wa vita vya watawala wao kwa wao na wakati wa uvamizi wa Wamasai. Wenyeji husema udongo uliochimbwa ulitupwa mtoni ili adui asione kifusi. Mlango ni mwembamba makusudi. Tochi ya simu haitoshi, beba ya mkononi, na mtu mnene au mwenye hofu ya mahali pafinyu abaki nje. Hakuna aibu.

Geti la Marangu ni mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973. Kusimama nje kusoma vibao ni dakika kumi. Kupanda hadi kituo cha wapandaji cha Mandara, mita 2,700 na ushee, ni siku nzima peke yake: mwendo wa saa tatu kwenda, mwongozaji ni lazima, na malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu bali kwa namba ya malipo au kadi. Usiichanganye na ziara hii. Wanaojaribu hufika Mandara saa tisa, mvua imewashika, na gari la mwisho la kushuka limekwisha ondoka.

Kuhusu Desemba: kuanzia tarehe 20 hivi Wachaga wa Dar na kwingineko wanarudi nyumbani, nauli zinapanda, barabara ya Himo inajaa, na makanisani hupati pa kukaa. Ukipenda shangwe na mbege, pombe ya ndizi, njoo wakati huo. Ukitaka mzee wa Kidia mwenye saa nzima ya kukaa na wewe, njoo Juni au Julai, Jumanne au Jumatano, na usiache sweta.