Kuandika ≤ na ≥ kwenye kompyuta na simu: uzoefu wangu hapa Kondele

Kazi yangu ni kupiga chapa na kutoa fotokopi hapa Kondele, Kisumu, na wateja wangu wakubwa ni walimu. Muhula ukikaribia kufungwa huja na mitihani waliyoiandika kwa kalamu, wengine kutoka Mamboleo, wengine kutoka mbali kama Ahero na Maseno, na kila mmoja anataka yake itoke leo. Karatasi ya Kiswahili naimaliza mapema. Ya hisabati ndiyo hunikalisha, na kinachonikalisha si tarakimu bali alama nne: ≤ (ndogo kuliko au sawa na), ≥ (kubwa kuliko au sawa na), ≠ (si sawa na) na ≈ (karibu sawa na). Alama za < na > zipo kwenye kibodi, unashika Shift na kubonyeza koma au nukta. Hizi nne hazina kitufe. Nimezizungukia kwa kila njia, kwenye kompyuta na kwenye simu, na haya ndiyo maoni yangu.

Njia inayopendwa zaidi mtaani ni kuandika < kisha kuipigia mstari kwa Ctrl na U. Sitawacheka wanaofanya hivyo. Alama ya < yenyewe ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1631, katika kazi ya Thomas Harriot wa Uingereza aliyekuwa amefariki miaka 10 kabla, na mwaka 1734 Mfaransa Pierre Bouguer akaiwekea mistari miwili chini, ≦, kuonyesha "au sawa na". Kwa hiyo anayepigia mstari anafuata wazo lile lile. Kwenye karatasi inapendeza kabisa, na kama mtihani ungekuwa unaishia kwenye printa nisingekuwa na neno.

Lakini mtihani siku hizi hauishii kwenye printa. Mwalimu atasema, "Dada, hebu nitumie pia kwa simu, nimwekee mwenzangu." Unanakili swali, unabandika kwenye WhatsApp, na ule mstari wa chini unabaki kwenye kompyuta, kwa sababu haukuwa sehemu ya alama, ulikuwa pambo tu. x ≤ 8 imekuwa x < 8, na hakuna kitu chochote kwenye kioo kinachokuambia kuna kilichopotea. Sasa chukua swali la Kidato cha Nne la linear programming, yaani la kutafuta jibu bora ndani ya mipaka uliyopewa, lile la mzee anayekodisha mabasi na matatu, mabasi yasizidi 8. Kwenye grafu, ≤ huchorwa kwa mstari mzima na < huchorwa kwa mstari wa vipande vipande. Mwanafunzi aliyepata swali kutoka kwa simu atachora vipande, ataacha nje yale mabasi 8, na huenda jibu sahihi lilikuwa pale pale kwenye 8. Atasahihishwa kwa mwongozo ulioandikwa kutoka kwa karatasi ya kalamu. Maksi zinakwenda na hakuna atakayejua kwa nini.

Kuna jambo jingine la ajabu kidogo ambalo walimu wa hapa wamelizoea hata hawaulizi tena: maswali ya mitihani ya zamani yanayosema x £ 5. Pauni ya Uingereza imeingiaje kwenye grafu? Chanzo ni fonti inayoitwa Symbol. Zamani ukitaka ≤ ulichagua fonti hiyo, na ndani yake nafasi ambayo kwa kawaida ni ya £ imechorwa ≤. Nafasi ya ³ imechorwa ≥, ya ¹ imechorwa ≠, na ya » imechorwa ≈. Faili ikihamishwa na fonti ikapotea njiani, kila alama huvua vazi lake. Ndiyo maana ukiona y ³ 2 kwenye faili uliyopewa kwa flashi, usikimbilie kudhani ni y kipeo cha tatu kisha mbili. Mimi nikipokea kazi ya zamani, kabla ya kuprinti chochote natafuta £ na ³ kwa Ctrl na F. Huchukua muda mfupi na imeniokoa na maneno mengi kutoka kwa walimu.

Halafu kuna zile namba za Alt. Vijana wa saiba huzitoa kama siri ya ukoo: shika Alt, andika 243 kwa vitufe vya tarakimu vya upande wa kulia, achilia, unapata ≤. 242 inakupa ≥ na 247 inakupa ≈. Kwenye kompyuta ya mezani iliyowekewa Kiingereza cha Marekani inafanya kazi vizuri. Ila laptopu nyingi zinazouzwa huku ni ex-UK, zimetumika Uingereza kwanza, na nyingi bado zina mipangilio ya kule. Kwa mipangilio hiyo Windows hutumia jedwali jingine la herufi, na kwenye jedwali hilo 243 ni ¾. Mwalimu mmoja aliniletea kazi aliyojipigia chapa nyumbani, akaiweka mezani na kuuliza, "Dada, hii robo tatu imetoka wapi?" Karatasi nzima ilikuwa x ¾ 12, y ¾ 7, kama bei za sukari ya kupimwa. Kibodi yake nayo haikuwa na vitufe vya tarakimu upande wa kulia, alikuwa akihangaika na Fn na NumLk, kwa hiyo alifanya kazi maradufu kupata kitu kisicho chake. Njia hii siipendi. Kitu kinachobadilika kulingana na nchi laptopu ilikozaliwa hakifai kwa mtihani.

Njia ninayoitumia kila siku, na ambayo ningeipa tisa kwa kumi, ni hii: ndani ya Word andika 2264, kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja. Zile tarakimu nne zinageuka ≤ papo hapo. 2265 ni ≥, 2260 ni ≠, 2248 ni ≈. Hizo ni namba za alama zenyewe katika Unicode, ambao ni mpango mmoja wa herufi unaotumiwa na kompyuta na simu zote za kisasa. Haijali kama laptopu ilitoka London au Nairobi, haihitaji vitufe vya kulia, na ukinakili kwenda kwenye simu, ≤ inafika ikiwa ≤. LibreOffice pia inaikubali Alt na X, kwa wale ambao hawataki kulipia Word.

Moja ninayoinyima ni kwa sababu ya mtego mmoja. Ukiandika 2264 ikiwa imegusana na tarakimu nyingine au na herufi kati ya a na f, Word hudhani vyote ni namba moja, maana namba hizi huhesabiwa kwa tarakimu pamoja na herufi hizo sita. Ukiandika a2264 hupati a≤. Andika a, weka nafasi, kisha 2264. Kwa x na y hakuna shida, na bahati nzuri hisabati ya shule inapenda x na y. Lakini swali likija na a, b na c, kumbuka nafasi.

Kwa mtihani wenye alama hizi kila mstari, hata 2264 huchosha. Nimeingiza kwenye AutoCorrect ya Word, ile sehemu inayojirekebishia maandishi yenyewe, kwamba nikiandika qle na kuweka nafasi, iwe ≤, na qge iwe ≥. Nilichagua q makusudi. Wengi huweka <= igeuke ≤, jambo linaloonekana la busara mpaka aje mwalimu wa Kompyuta na swali la programu ambapo <= inatakiwa kubaki hivyo hivyo. Hapo utakuwa unapigana na mashine yako mwenyewe.

Ndani ya Word kuna pia kisanduku cha milinganyo, unakifungua kwa Alt na =, unaandika \le kisha nafasi, na ≤ inajitokeza. \ge, \ne na \approx hufanya vivyo hivyo. Kwa sehemu na vipeo hakuna kinachoshinda hiki kwa uzuri. Kwa alama moja katikati ya sentensi ni kama kuita lori kubeba debe la mahindi. Wenye faili za miaka mingi wajue kwamba kihariri cha milinganyo cha kale, Equation 3.0, kiliondolewa kwenye Office Januari 2018 kwa sababu za usalama, kwa hiyo swali lililotengenezwa nacho utaliona lakini huenda usiweze kulirekebisha. Likikataa, lipige chapa upya.

Mac sina mengi ya kusema, huku wanaozileta ni wachache, ila wamebarikiwa: Option na koma ni ≤, Option na nukta ni ≥, Option na = ni ≠, Option na x ni ≈. Basi.

Excel ni habari nyingine kabisa, kwa sababu huko ≤ ndiyo inayoleta balaa. Mwalimu wa darasa alikuja na orodha ya matokeo, akitaka kujua ni wangapi wamepata 29 kushuka chini. Alikuwa ameandika =COUNTIF(C2:C46,"≤29"), fomula ya kuhesabu seli zinazotimiza sharti, na jibu lilikuwa 0. Alikuwa anatabasamu. "Hakuna aliyeanguka," akaniambia. Nikamwomba nafasi, nikafuta ≤ nikaweka <=, tabasamu likaisha. Badala ya ≤, ≥ na ≠, Excel huelewa <=, >= na <> pekee. Ukiipa ≤ ndani ya COUNTIF haigombi wala haionyeshi kosa, inatafuta tu seli zilizoandikwa maneno "≤29", haioni hata moja, na inakupa sifuri kwa heshima zote. Ukiandika IF(C2≤29 angalau itakataa kuipokea. Ile sifuri ya kimya ndiyo ya kuogopwa.

Kwa simu, walio na Android yenye kibodi ya Gboard hawana haja ya kutafuta alama kwenye intaneti na kuinakili, jambo ambalo naona vijana wakifanya kila siku. Bonyeza ?123, kisha kitufe chenye =\<, halafu kandamiza < bila kuachilia. Juu yake inatokea ≤. Kandamiza > upate ≥, na kandamiza = upate ≠ na ≈. Ni rahisi kuliko kompyuta, na nimeona mwalimu mzima aliyefundisha miaka mingi akishangaa kwamba alikuwa nazo mfukoni wakati wote. Kwa iPhone kandamiza = upate ≠ na ≈; kwa ≤ mimi huweka kifupisho kwenye mipangilio ya kibodi, sehemu ya kubadilisha maandishi, kama nilivyofanya kwenye Word.

Jihadhari na kitu kimoja kwenye WhatsApp. Mstari ukianza na > ikifuatwa na nafasi, huchukuliwa kuwa nukuu, na alama yenyewe haionekani tena. Mwalimu akituma majibu hivi, > 7 kwenye mstari wake, wanafunzi wanasoma 7 yenye kimstari pembeni. Anza na x, au anza na namba ya swali, na yote yanakuwa salama.

Mwisho ni SMS, kwa sababu wazazi wengi huku bado wana kabambe, zile simu ndogo za vitufe, na kuna walimu wanaotuma kazi ya likizo kwa njia hiyo. Herufi za kawaida za SMS zina <, = na > ndani yake, lakini hazina ≤. Ukitia ≤ moja tu, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo mwingine wa herufi na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Kazi ya herufi 120 iliyokuwa ujumbe mmoja sasa inalipiwa kama miwili, ukizidisha kwa wazazi wa darasa zima. Kwenye SMS, basi, mimi naandika <= bila aibu, na mwalimu huwaambia wanafunzi kabla ya kufunga shule kwamba wakiiona hiyo waiandike ≤ kwenye daftari.