Pritzker au Aga Khan?

Ingia saa saba mchana kwenye nyumba ya bati huku Pasua, Moshi, mwezi wa Februari. Utaelewa kwa nini nauliza ni tuzo ipi kati ya hizi mbili za usanifu majengo inayowasukuma wasanifu kujenga kwa kujali mazingira.

Pritzker ilianza 1979. Kila mwaka humtukuza msanifu aliye hai kwa kazi zake, pamoja na dola 100,000.

Tuzo ya Aga Khan, iliyoanzishwa 1977, hutolewa kila baada ya miaka mitatu, dola milioni 1, kwa majengo yanayohudumia jamii zenye Waislamu, sisi tukiwemo. Inatazama jengo lililokwisha na linalotumika, na mafundi na wenye jengo nao hutambuliwa. Mimi nasimama hapo.

Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso alipata zote mbili, lakini Aga Khan ilimwona mapema, 2004, kwa shule ya msingi ya Gando. Pritzker ikaja 2022. Shule ile ni tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, dari ya tofali, na juu yake bati lililonyanyuliwa ili upepo upite katikati na kuondoa joto. Wanakijiji wenyewe walishiriki kuijenga. Udongo tunao, bati tunalo, na mafundi wa Pasua wangeweza kabisa kuliinua hivyo.