Paje au Nungwi: uingie baharini wapi?

Kila likizo ikikaribia, jamaa zangu wa bara wanaokuja Unguja huniuliza hilohilo. Nami huwauliza kwanza: mnataka kufanya nini na maji?

Paje ina mwamba unaovunja mawimbi huko mbali, ndani yake maji yametulia. Kusi ya Juni hadi Septemba na kaskazi ya Desemba hadi Februari huvuma mfululizo, ndiyo maana wenye mbao na kaiti, zile tiara kubwa zinazomvuta mtu juu ya ubao, wamejaa pale. Kwa anayejifunza naiweka mbele: akianguka, mara nyingi husimama kwa miguu yake. Lakini maji yakipwa, yanapwa kweli, hasa siku za bamvu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Utatembea mchangani mpaka uchoke, ukipishana na kina mama wa mwani. Tafadhalini, msikanyage zile kamba zilizofungwa kwenye vigingi wala msipitishe ubao juu yake. Ni riziki ya watu. Na vaeni viatu, kuna miba ya bahari.

Nungwi inashinda kwa kuogelea. Maji hayaendi mbali, na ukiwa na watoto hilo ni jambo kubwa. Kwa upepo haifikii Paje.

Daladala zipo kote kuwili, 116 ya Nungwi, 309 ya Jambiani inayopita Paje. Kijijini jisitirini, kokote muendako.

Mwenye siku moja tu aende Nungwi. Mwenye wiki nzima na hamu ya ubao, Paje, ila awaulize wavuvi saa ya maji kujaa kabla ya kulipia somo.