Seti ya uchaguzi wa darasani: nzuri, ila inaishia kwenye kiapo

Nafundisha uraia, na mada ya uchaguzi nimeifundisha kwa chaki miaka mingi. Safari hii nilitumia seti ya kuigiza uchaguzi: sanduku la kura linaloonesha ndani, vituturi viwili (vibanda vya kupigia kura kwa siri) vya karatasi ngumu, kura zilizochapwa, fomu ya matokeo, wino na kitabu cha mwalimu. Tukamchagua mwakilishi wa darasa kweli kweli, si kuigiza.

Wino achana nao. Haukauki. Ulihamia kwenye madaftari, mashati na shavu la msimamizi wa uchaguzi.

Vituturi ndivyo vilivyonikosha. Kadi moja inaeleza kuwa kura ya siri ya karatasi zilizochapwa na serikali ilianza mwaka 1856 katika makoloni ya Victoria na Australia Kusini. Wanafunzi wangu walikuwa wakichagua kwa kunyoosha mikono, na mikono ilimfuata mbabe wa kiti cha nyuma. Nyuma ya karatasi ngumu, mbabe aliambulia kura 8.

Kura 43 zilihesabiwa mbele ya mawakala. Tatu zilizua kesi: moja tiki imekaa juu ya mstari, moja imeandikwa jina la mpiga kura, moja tupu. Kitabu kinasema "mwalimu ataamua". Sikuamua. Walibishana kipindi kizima, tena kwa hoja, wakazikataa zote. Ile yenye jina kwa sababu imevunja siri.

Zikabaki 40. Wa kwanza 17, wa pili 15. Kitabu kinamtangaza wa kwanza na kuandika: wengi wape.

"Mwalimu, wengi gani? Sisi 23 hatukumchagua."

Hapo kitabu kimya. Hakuna hata ukurasa mmoja kuhusu duru ya pili, wala karatasi za akiba. Tukakata za madaftari, tukarudia kwa wawili wa juu. Yule wa pili akashinda, 22 kwa 19, mbili zikaharibika. Wapiga kura wale wale, siku ile ile. Kwa kisa hicho tu nitaitumia tena.

Kasoro kubwa ni kwamba baada ya kiapo seti imekwisha. Hakuna namna ya kumuuliza aliyechaguliwa ameahidi nini na amefanya nini. Ijumaa wamemwita kuhusu ratiba ya maktaba aliyoahidi. Fomu ya wito wameichora wenyewe.