Kodi ya miezi mitano, mkataba hakuna: nilivyohudumiwa na msaidizi wa kisheria

Nilimpangisha kijana chumba na sebule Mbagala, 80,000 kwa mwezi. Tulielewana barazani kwangu, dalali akiwepo na jirani yangu muuza vitumbua akisikia. Hatukuandikishana. Aliletwa na mtu ninayemheshimu, nikaona kumtaka asaini ni kama kumwita mwizi. Miezi mitatu akalipa kwa simu. Mitano iliyofuata nikawa napata salamu tu.

Wakili niliyemfuata mjini alitaka 300,000 za kuanzia. Deni lenyewe 400,000! Nikaaga. Mtaani nikaelekezwa kwa msaidizi wa kisheria, hawa wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambao hawatozi kitu.

Nilidhani ataanza na mkataba. Yule binti akaniuliza, "Mzee wangu, hicho chumba umekifunga?" Nikajibu kwa majivuno: tangu jana, kufuli mbili. Akaweka kalamu chini. Nikazifungue kwanza ndipo turudi kuzungumza, maana kijana akiwahi kulalamika, mlalamikiwa nitakuwa mimi. Nilinuna njia nzima, lakini nikazifungua.

Kuhusu karatasi alinitoa hofu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inakubali upangaji wa muda usiozidi mwaka hata ukiwa wa mdomo. Kazi ni kuuthibitisha. Akanituma nikachukue taarifa ya miamala ya simu yangu, na kweli: 80,000 mara tatu, namba ileile, kila mwanzo wa mwezi. Iliyonifaa zaidi ni meseji moja: "Mzee naomba univumilie kodi ya Juni na Julai." Nusura niifute siku ile kwa hasira.

Tukaenda baraza la kata. Wengi bado wanadhani linahukumu. Tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila suluhu unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sisi hatukufika huko. Kijana alikiri deni, kisha akatoa risiti za bomba la choo na fundi, 60,000, ambazo kweli nilimwahidi kuzikata nikasahau. Nikamgeukia binti anitetee. Akaniambia, "Mzee, hiyo ni haki yake." Ikabaki 340,000, awamu nne za 85,000, safari hii kwa maandishi na sahihi za mashahidi.

Kasoro zipo. Ofisi inafunguliwa Jumanne na Alhamisi tu, benchi la kusubiria liko juani, na fotokopi unajilipia. Ukitaka mtu wa kukushabikia, hapa si mahali pake. Nawapa nyota nne.

Awamu mbili zimeingia. Ya tatu imechelewa siku tisa. Kijana ameandika kwamba ataituma Ijumaa, na meseji hiyo nimeshamrushia binti.