Motahomu ya kukodi Málaga mwezi wa kwanza: gari poa, ofisi ovyo

Nimeulizwa sana vile ile safari ilienda, sasa wacha niandike hapa mara moja mniwache nipumue. Januari tulikodi motahomu, ile gari yenye vitanda, jiko na choo humo humo, tukapiga siku kumi na mbili pwani ya Hispania, mimi na mama watoto na shemeji yangu anayekaa Leicester, Uingereza. Wazo lilikuwa la shemeji. Yeye huwaona wazee wa Kizungu mtaani kwake, wakistaafu tu, baridi ikianza wanafunga nyumba, wanaingia meli na gari yao Portsmouth mpaka Santander ama Bilbao halafu wateremka kusini kufuata jua mpaka masika. Sisi hatuna gari ya kuvukisha, kivuko chetu ni cha Likoni, kwa hivyo tukakodi kule kule Málaga. Jina la kampuni siliweki, tushamalizana.

Gari yenyewe naipa nyota nne bila kinyongo. Fiat Ducato ya dizeli, gia za mkono, urefu mita saba, kwenda juu karibu mita tatu. Hiyo si gari ya kuingiza vichochoro vya Kibokoni. Stering iko kushoto na barabara wafuata kulia, siku ya kwanza kila nikitaka gia mkono wagonga mlango na kila raundabauti naisomea Ayatul Kursi, lakini kufika siku ya tatu nilikuwa nimekunja nne kama dereva wa basi la Malindi. Leseni ya kimataifa nilichukua AA, kile chama cha wenye magari, kabla sijatoka. Na msipakie sana, uzito wote gari na watu na maji mwisho kilo 3,500, hapo ndipo leseni ya kawaida huishia. Barabara ya A-7 ni bure, Málaga mpaka Almería kama kilomita 200 na bahari iko kulia kwako karibu njia nzima, ukikaribia Almería waona weupe umetanda mpaka kwenye milima nikadhani ni theluji, kumbe ni plastiki za mabanda ya kulimia, nyanya na matango yanayoliwa Ulaya wakati wa baridi mengi hutoka humo.

Maji ndio mtihani wa watu, isipokuwa sisi. Tangi ni lita 100. Yule kijana wa ofisi alitueleza kwa huruma kabisa, tuoge haraka, tusiache mfereji wazi, mama watoto akanigeukia, "Si hiyo ni mitungi mitano tu?" Mtu aliyelelewa Majengo akinunua maji kwa mkokoteni, lita 100 ni utajiri bwana, tulioga kwa kata na ndoo ndani ya kile kibafu siku tatu nzima hatujajaza tena. Shemeji aliyezoea shawa ya Leicester ndiye alikuwa analia. Choo nacho kina sanduku chini, unalivuta kwa nje kama sutikesi yenye magurudumu, waenda kumwaga mahali maalum. Zamu ya kumwaga ilikuwa ya shemeji, tulimpigia kura.

Sasa ofisi. Tulifika saa nane na dakika kumi mchana, mlango umefungwa, wameenda kula, wakarudi saa kumi na moja. Haya, ni desturi yao, sina neno. Lakini depoziti ya euro elfu moja wanataka kadi ya kredit, kadi ya debit hawaishiki, na mimi nilikuwa na debit ya benki yangu ya hapa Mombasa yenye pesa kamili ndani. Barua pepe zao zote nilizisoma tena pale pale kaunta, hakuna mahali wameandika. Shemeji akatoa yake, la sivyo tungelala stesheni. Mjue hivyo, ulizeni kadi ya aina gani kabla hamjalipia chochote.

Ya pili ndiyo iliyoniudhi. Gesi. Hita, jiko na maji ya moto vyote vyategemea mtungi mmoja, na walitupa ule wa rangi ya machungwa wa kilo 12.5, sikuuliza, gesi si gesi? Pwani haikusumbua, mchana jotojoto la digrii 17 hivi, usiku nane, waweka hita kidogo walala. Halafu tukapanda Granada kuona Alhambra, yale majumba ya wafalme wa Kiislamu wa zamani. Granada iko juu, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Januari hushuka chini ya sifuri. Saa tisa za usiku nikaamshwa na baridi, hita imezima, taa nyekundu yapepesa. Nikatoka na tochi ya simu, nimevaa kikoi juu ya suruali, msicheke, nikafungua kile kikabati cha nje nikautikisa mtungi, mzito, gesi imo na yasikika yachezacheza. Nikafungua nikafunga, nikawasha jiko, moto wa samawati mdogo kama wa kibiriti halafu ukafa. Tukalala watatu kwenye kitanda kimoja na majaketi, shemeji katikati ati kwa sababu ndiye aliyeleta wazo.

Asubuhi jirani, mzee wa Kijerumani ambaye kila mwaka yuko huko, alikuja akatazama mtungi akatingisha kichwa. Akaonyesha kidole, aina ya gesi, butane. Butane ikifika karibu na sifuri haigeuki hewa tena, yabaki maji chini ya mtungi. Inayotakiwa baridi ni propane, hiyo yavumilia mpaka digrii 42 chini ya sifuri. Yaani wale watu wanakodisha magari Januari, wajua watu watapanda Granada kwa sababu kila mtalii huenda Granada, na wanafunga butane. Nikawapigia, jibu likawa "kwa pwani yatosha." Nyota moja, na hiyo moja ni ya yule kijana wa maji.

Alhambra hata hivyo wallahi sijuti. Tiketi ni ya kuwahi mapema maana majumba yale ya ndani waingia kwa saa uliyoandikiwa na pasipoti mkononi. Kuta zimeandikwa Wala ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mungu, kila mahali, mara mia na mia tena, mama watoto alikuwa anasoma kwa sauti kama yuko chuoni, watalii wengine wakatufuata wakidhani sisi ni magaidi wa kulipwa, namaanisha wale wa kutembeza wageni.

Kulala: mara nyingi tulitumia maeneo ya motahomu, tulilipa euro 14 usiku, maji na kumwaga taka ndani ya bei, umeme walipia kando. Umeme wenyewe kuna mahali ni ampea 6 tu, ukiwasha birika ya wati 2,000 yakata, na ukikata ni wewe watoka nje na baridi kuurudisha, tulijifunza kuchemsha chai kwa gesi. Barabarani pia kwa kawaida waruhusiwa kuegesha na kulala ndani, lakini magurudumu tu ndio yaguse chini. Cabo de Gata mama watoto alitoa kiti akae atazame bahari, polisi akaja kwa adabu kabisa akaonyesha kiti kwa kidole, ukitoa kiti hiyo si kuegesha tena, ni kupiga kambi, na kambi haramu hapo. Kiti kikarudi ndani.

Chakula hatukuteseka. Roquetas de Mar na Almería Wamorocco ni wengi, bucha za halali ziko, tui la mkebe lapatikana, tulipika wali wa nazi na samaki kwa jiko la macho matatu mpaka Mjerumani akaja na sahani yake. Cha kuzoea ni giza, jua latoka saa mbili na nusu asubuhi, alfajiri wasali kwa starehe zako.

Kwa wanaopanga kwenda: viza ni Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ya mtu mzima euro 90, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na lazima mufike Nairobi wenyewe kwa alama za vidole, sisi tulipanda treni ya SGR Miritini tukalala kwa ndugu. Anzeni mapema, maombi yapokewa mpaka miezi sita kabla.

Depoziti ya shemeji ilirudi baada ya wiki tatu, pungufu ya euro 40, ati choo hakikusafishwa. Alikisafisha yeye mwenyewe mara mbili kwa Dettol nikimtazama, na mpaka leo kwenye grupu ya familia tukimwita anajibu kwa picha ya lile sanduku.