Uzoefu wangu: kupanua gereji ya nyumbani kwa fremu ya chuma, Kigamboni

Gereji ya gari moja imekuwa ya magari mawili na karakana ndani yake. Sehemu mpya nimeisimamisha juu ya fremu ya chuma ya kuchomelea, sikutumia nguzo za zege wala kuta zinazobeba paa. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari na kwenye udongo wa kichanga, fremu hii naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano inachukuliwa na kutu, nitaeleza inaanzia wapi. Nne inazistahili kwa sababu inasimama kwa miguu yake yenyewe na haiegemei jengo la zamani hata sehemu moja.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kuelewa kabla ya kumwita fundi. Msingi wa zamani umeshakaa miaka, mpya bado utashuka kidogo. Ukiunganisha ukuta mpya na wa zamani kwa tofali za kupishana, au ukatoboa ukuta wa zamani na kupachika nondo za nguzo mpya, upande mmoja unashuka na mwingine unakataa, na ufa unapanda pale pale kwenye maungio. Plasta mpya haiutibu. Dawa ni kuacha nafasi ya milimita 12 toka chini hadi juu, ujaze ubao wa fomu laini (ile nyeupe ya kupakilia vifaa), kisha uzibe uso wake kwa silanti ya poliyurethani. Silanti ya silikoni ya bafuni haishiki rangi, usiitumie hapo.

Vipimo vinatoka kwenye gari. Hilux ya kabini mbili ina urefu wa mita 5.3 na upana wa karibu mita 1.85 bila vioo vya pembeni. Meza ya kazi inachukua sentimita 60, nafasi ya kusimama na kugeuka mbele ya meza mita 1, na sentimita 30 za kupumulia upande wa geti. Jumla mita 7.2, ndiyo maana nimejenga 7.5. Kwa upana, kila mlango wa gari unahitaji sentimita 90 ili ufunguke na mtu apite, halafu shelfu ya ukutani sentimita 45. Unafika mita 4.1, nimejenga 4.2. Wengi hujenga mita 3 kwa 6 kwa kuwa gari linaingia. Linaingia kweli, lakini hutaweza kulifungua tairi humo ndani. Mpaka wa kiwanja ukikubana, punguza shelfu, usipunguze nafasi ya mlango. Na kibali cha ujenzi cha manispaa chukua mapema, maana upanuzi unahitaji kibali kama jengo lolote na masharti ya kiwanja chako ndiyo yanayosema uache umbali gani hadi kwa jirani.

Sasa fremu. Ni safu nne zenye nguzo mbili mbili, zimeachana mita 2.5. Nguzo ni bomba la mraba la milimita 100 kwa 100, unene milimita 3. Boriti za paa ni 100 kwa 50 za unene huo huo, na papi za chuma za 75 kwa 50 zimepangwa kila baada ya mita 1. Kila nguzo ina sahani ya chuma ya 250 kwa 250, unene milimita 10, inayokaa juu ya bolti nne za M16 zilizozama kwenye zege sentimita 30 na kupindwa chini.

Kitako cha zege chini ya kila nguzo ni sentimita 70 kwa 70, kimo sentimita 60. Mafundi wawili niliowaomba bei walitaka kukipunguza, wakisema bati ni jepesi. Hapo ndipo hatari ilipo. Banda jepesi lililo wazi upande mmoja halizami, linanyanyuliwa. Upepo ukiingia getini unasukuma paa kwa ndani huku mwingine ukilivuta kwa juu. Kitako cha ukubwa huo kina karibu mita za ujazo 0.3, yaani takriban kilo 700, na uzito huo ndio unaolishikilia paa chini. Vitako vinane kwa pamoja ni takriban mifuko 15 ya saruji, gharama ndogo ukilinganisha na paa lililohamia kwa jirani.

Kutu. Usikubali nguzo ichimbiwe moja kwa moja kwenye zege, hata fundi akisema inashika zaidi. Bomba linaoza kwenye mstari wa sakafu, mahali maji ya kuoshea gari na chumvi ya hewa vinapokaa, na hutaona kitu hadi litoboke. Sahani ya chini ikae juu ya kikuta cha zege kilichoinuka sentimita 15 kutoka sakafuni. Ncha zote za mabomba zizibwe kwa vipande vya bati nene vilivyochomelewa mzunguko mzima, kwa sababu hewa ya pwani ikiingia ndani ya bomba huacha unyevu usioonekana. Sehemu zilizochomelewa zisuguliwe kwa brashi ya waya hadi zing'ae, zipakwe rangi yenye zinki, kisha epoksi mikono miwili. Ile rangi nyekundu ya kawaida ya madukani peke yake ni ya Dodoma, si ya Kigamboni.

Ukifika kwa muuza chuma, nenda na kalipa, kifaa cha kupimia unene. Bomba linaloandikwa 3 mara nyingi hupimika 2.5 au pungufu, na tofauti hiyo ni sehemu ya sita ya chuma unacholipia. Pima kwenye ncha iliyokatwa, mbali na mshono.

Jamvi, yaani sakafu ya zege, ndilo nililotumia fedha nyingi na sijutii shilingi. Karakana inabeba jeki ya magurudumu, stendi za gari na mashine, mizigo inayokaa kwenye kidoti kidogo cha sakafu. Toa udongo wa juu wenye mizizi, jaza kifusi cha moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ilowanishwe na kushindiliwa kwa mashine. Mchanga mtupu wa Kigamboni ukishindiliwa bila maji unarudi ulivyokuwa. Juu yake mawe sentimita 15 yaliyozibwa kwa changarawe, nailoni nzito ya geji 1000, mkeka wa BRC A142 (wavu wa nondo nyembamba), kisha zege la sentimita 15 kwa uwiano wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto. Kwenye kingo zinazobeba ukuta jamvi linanenepa hadi sentimita 30, kwa hiyo hakuna msingi wa mkanda.

Hesabu yake: jamvi la mita 4.2 kwa 7.5 ni mita za ujazo 4.7, kingo 0.6, vitako 2.35. Jumla kama 7.65. Kila mita ya ujazo ya mchanganyiko huo hula mifuko 6.4 ya kilo 50, ukiongeza asilimia 10 ya upotevu unapata mifuko 54. Mikeka ya BRC ya mita 4.8 kwa 2.4 inatosha minne, ikipandana sentimita 20. Mkeka uinuliwe juu ya vipande vya zege vya sentimita 10 ili ubaki theluthi ya juu ya jamvi. Mafundi huulaza chini na kuahidi watauvuta juu kwa ndoano zege likimwagwa. Hawauvuti, na ukilala juu ya nailoni hauzuii ufa wowote wa juu.

Maji ndiyo yanayoharibu zege nyingi za nyumbani. Kwa mfuko mmoja lita 25 zinatosha, na mchanga ukiwa umelowa zipungue. Zege laini kama uji linamwagika kirahisi, kisha uso wake unatoa vumbi maisha yote, na vumbi hilo linaingia kwenye injini uliyoifungua. Mteremko uelekee getini, sentimita 1 kwa kila mita. Ndani ya saa 24 kata mstari wa kina cha sentimita 4 katikati ya urefu, ili zege linapojikunja lipasuke chini ya mstari huo na si linapotaka. Lifunike kwa nailoni au magunia yenye maji siku 7, na gari lisipande kabla ya siku 28.

Jamvi jipya na la zamani pia hayafungwi pamoja kwa nondo zenye meno. Kama la zamani lina unene wa sentimita 10 au zaidi, toboa na upachike nondo laini za milimita 12, urefu sentimita 40, kila sentimita 30. Nusu iliyo upande mpya ipakwe grisi. Hivyo majamvi mawili yanaweza kuachana kidogo kwa joto na baridi, lakini moja halishuki chini ya lingine na magurudumu ya jeki hayakwami.

Ukuta wa kati ukitaka kuuondoa, tegemeza paa la zamani kwa mirunda kila sentimita 80, na ubao mpana juu na chini yake, kabla nyundo haijagusa tofali. Boriti ya kuchukua nafasi ya ukuta huo ikokotolewe na mhandisi. Hapo sina njia ya mkato ya kupendekeza.

Paa: bati la geji 28 la msauzi, lililokatwa urefu kamili lisiwe na maungio katikati. Geji 30 ni nafuu lakini linabonyea fundi akipanda. Upande wa juu wa paa jipya upite juu ya ukingo wa la zamani kwa sentimita 20 na maji yakimbilie nje. Hili linawezekana kama paa la zamani halimwagi upande huo. Likimwaga, utalazimika kuweka gata la ndani, na liwe na upana wa sentimita 30, bati la geji 24, pamoja na tundu la dharura la kutolea maji majani yakiziba. Mvua za masika zinalijaribu gata la namna hiyo kila mwaka. Kuta nimejenga tofali za inchi sita hadi mita 1.2, kama 160, na bati juu yake. Acha matundu sentimita 15 kutoka sakafuni: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na unatambaa chini, ambako ndiko cheche za grinda zinakoangukia. Kwa sababu hiyo hiyo, na kwa maji ya chini ya ardhi yaliyo karibu, shimo la kukagulia gari sikulichimba na silipendekezi popote pwani.

Umeme usivutwe kutoka soketi ya jikoni. Umbali wa mita 30 kwa mzigo wa ampia 32, waya wa milimita 2.5 unapoteza takriban volti 17 na unapata moto, wa milimita 10 unapoteza kama 4. Weka waya wa 10 wenye breka yake, kinga ya milliampia 30 (inayokata umeme ukivuja) kwa soketi, waya wa 6 kwa mashine ya kuchomelea na nondo ya ethi ya gereji. Aliye kwenye kundi la D1 la TANESCO, lile la bei nafuu kwa watumiaji wadogo, ajue karakana itamvusha uniti 75 kwa mwezi, na bei itabadilika.

Mlango wa shata, geti la kujiviringisha juu, naupa nyota tatu. Unafunga vizuri na hauli nafasi ya uani, lakini ngoma yake inataka sentimita 40 juu ya uwazi, kwa hiyo uwazi wa mita 2.4 unahitaji fremu ya mita 2.8 mbele. Reli zake zifungwe kwa bolti, zisichomelewe, maana moto unaunguza zinki. Zioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi na upulizie silikoni. Grisi inakamata mchanga na kuzisaga. Ukichukua wenye mota, hakikisha una mnyororo wa mkono, umeme ukikatika gari lisibaki ndani.